Muulize Fundi: Nguzo za uzio zimelala zote, kosa liko wapi?

Safari hii barua karibu zote ni za nguzo. Vuli imetupiga vizuri mwaka huu, watu wameamka asubuhi wakakuta fensi zimeinama kama zinatoka harusini. Naanza na ya dada wa Igombe, hapa Mwanza, manake kaeleza kila kitu bila kuficha, na ndani ya barua yake mna makosa karibu yote ambayo nimewahi kuyakuta site, mengine niliyafanya mwenyewe nikiwa kijana.

SWALI: Mwangaluka fundi. Nina kieneo changu huku Igombe, ekari moja kasoro, nalima mchicha, nyanya na hoho. Mwezi wa sita mbuzi wa majirani walinishinda nikaamua nizungushie, nikanunua mirunda 60 ya mkaratusi, ilikuwa bado mibichi kabisa inanuka ile harufu ya dawa ya mafua, vijana wawili wakachimba na majembe, siku mbili wakawa wamemaliza, seng'enge mistari mitano, ikapendeza nikapiga picha nikaweka status. Mvua za mwezi wa kumi na moja zimekuja, kona mbili za upande wa ziwa zimeingia ndani, zile za katikati ukishika nguzo inacheza kama jino la mtoto, seng'enge imelegea mbuzi anapita bila hata kuinama. Jirani ananiambia nimwage zege kila nguzo, mume wangu anasema hiyo hela hamna. Tufanyeje?

JIBU: Mwangaluka dada, pole na mchicha. Mumeo yuko sahihi, na sisemi hivyo kwasababu ni mwanaume mwenzangu, subiri utaona hesabu huko chini.

Nilimpigia dada nikamuuliza mashimo yalikuwa na kina gani. Hakujua. Nikamwambia kang'oe moja upime. Akaenda, simu iko hewani, nasikia anacheka, nguzo imetoka kwa mkono mmoja. Sentimita 40. Na shimo lenyewe pana kiasi cha kuingia karai, manake ukichimba kwa jembe huwezi kupata shimo jembamba, jembe linataka nafasi ya kugeuka. Alafu udongo wakarudisha pamoja na majani yake, wakamwagia maji ukawa tope, wakakanyaga kwa miguu, wakahamia nguzo inayofuata. Ndo manake siku mbili nguzo 60. Mimi na kijana wangu tukiwa na nguvu zetu zote tunaweka 15 hadi 20 kwa siku kwenye ardhi ya kawaida, na hapo jioni mgongo unauma.

Sasa naomba nieleze kitu kimoja ambacho ukishakielewa mengine yote unajijibu. Nguzo ikisukumwa haianguki kama mti uliokatwa, inazunguka. Waya ukivuta kichwa kije ndani, mguu ulioko chini kabisa shimoni unataka kwenda nje, na hapo katikati kuna sehemu haisogei. Kwahiyo udongo unaofanya kazi kweli ni wa sehemu mbili, ule wa chini kabisa kwenye kisigino na ule wa juu usawa wa ardhi. Watu wengi wanatupia chini udongo ovyo, wanakuja kushindilia juu tu ionekane ngumu, inakaa mwezi mmoja mguu unapata nafasi unaanza kutembea, basi imeisha hiyo. Na ukichimba sentimita 40 ndo kabisa, kisigino na shingo vimekaribiana, nguzo haina pa kushikia.

Kipimo tunachotumia ni kwamba nguzo ndefu kiasi gani, theluthi yake ndo iwe chini, au karibu na hapo. Nguzo ya futi 8 (kama mita 2.4) izame sentimita 75 hivi. Hizi za katikati ambazo kazi yake ni kushikilia waya tu usilegee unaweza kushuka mpaka 60 kama udongo ni mzuri, lakini kona na za geti usinibishie, kuanzia 90 kwenda mita moja.

Shimo liwe jembamba. Hii inawachanganya watu, wanaona shimo pana ndo imara. Kama hutaki zege, udongo ambao haujaguswa ndo rafiki yako, kila unachochimba unakiua nguvu alafu inabidi ukirudishie kwa kushindilia. Acha nafasi ya mtalimbo tu kuzunguka nguzo, kama sentimita 7 au 10 kila upande. Unachimba kwa mtalimbo na sio jembe, unachimbua kidogo unachota na kopo la rangi au kidumu ulichokata nusu, unalala kifudifudi mkono mzima shimoni, kazi ya kuchafuka hiyo sikatai. Zipo mashine za kutoboa mashimo siku hizi, zinakodishwa, ila ukikuta jiwe inakurusha.

Chini ya shimo weka kokoto au mawe madogo sentimita 10, shindilia, ndo nguzo ikae juu yake. Maji yanayoshuka yapate pa kwenda, mguu usilale majini. Alafu simamisha, weka pima maji pande mbili (pande mbili! sio moja), bana na fito mbili isiyumbe. Kwa mstari, simamisha kona kwanza, funga uzi kutoka kona mpaka kona, zile za katikati ziuguse uzi bila kuusukuma.

Kushindilia sasa. Mimi mtu akiniuliza uzio mzuri unajulikanaje namwambia angalia kushindilia. Udongo uwe na unyevu kama ule wa kufyatulia tofali, ukiufinya mkononi unashikana, haukutoi maji. Tope halishindiliki, unalipiga linakimbilia pembeni alafu likikauka linasinyaa linaacha upenyo kuzunguka nguzo, hicho ndo kilichompata dada. Vumbi kavu nalo halishikani. Mimina kidogo, sentimita 15 tu, twanga kwa kitako cha mtalimbo au mti mgumu uliochongwa kichwa bapa, zunguka nguzo yote mpaka mlio ubadilike, unatoka kwenye pu pu unakuwa ko ko. Ndo unaongeza tena sentimita 15. Ukipata vipande vya mawe vya saizi ya ngumi gonga kati ya nguzo na ukuta wa shimo, hasa pale chini na pale juu. Ukifanya sawasawa udongo wote uliotoka unarudi shimoni pamoja na nguzo yenyewe, saa ingine hata haukutoshi. Mimi nikipita site ya vijana wangu nikaona kila nguzo ina kichuguu cha udongo uliobaki pembeni sihitaji hata kuitikisa.

Juu malizia na kamgongo, udongo uinuke kidogo kwenye nguzo uteremke nje ili mvua ikimbie. Usiache kisahani.

Turudi kwenye kona. Dada, nguzo zako za katikati zimelegea kwasababu ya nilivyosema, ila kona zimelala kwa sababu ya ziada. Seng'enge mistari mitano imevutwa na vijana wawili kwa nguvu, mzigo wote huo unaishia kona, na kona inavutwa pande mbili kwa mpigo. Nguzo ya unene wa mkono wa mtu haiwezi hata uizike mpaka kiunoni. Kona inataka mti wa sentimita 15 unene, na inataka egemeo. Chukua mrunda mwingine, kichwa chake kiingie kwenye nguzo ya kona kwenye theluthi mbili ya urefu kutoka chini, chonga pawe bapa ukae vizuri usitegemee msumari peke yake, mguu wake ushuke kufuata mstari wa fensi uingie ardhini ukakanyage jiwe bapa kubwa ulilolizika. Kona inakutanisha pande mbili za fensi kwahiyo egemeo mbili, kila upande na yake. Egemeo inakaa upande ule ule waya unakovutia, inakuwa kama mtu anayesukuma mlango usifunguke. Nimekuta watu wameweka kwa nje, hiyo ni mapambo. Na kama mstari wako ni mrefu, kila baada ya mita 100 hivi weka nguzo nene yenye egemeo pande zote mbili, usiache waya mrefu unategemea kona tu.

Hesabu ya zege niliyoahidi. Shimo la sentimita 30 upana, zege sentimita 65 kwenda chini, kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (simenti moja, mchanga tatu, kokoto sita), mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa nguzo 5 au 6. Kona nne na geti mbili mashimo yake ni makubwa zaidi, hizo peke yake zinataka mifuko miwili na kidogo. Kwahiyo jirani anakwambia ununue zaidi ya mifuko 12 na mchanga na kokoto za kubeba mpaka Igombe, wakati ukinunua mitatu ukaweka kwenye kona na geti, zilizobaki ukashindilia, fensi itasimama vile vile. Mbuzi hajui kama chini kuna simenti.

Na ukimwaga zege usimwage kama unatengeneza kikombe. Watu wanamwaga kidogo chini, wanasimamisha nguzo juu yake, wanajaza pembeni, tayari umetengeneza ndoo ya zege na mti umo ndani. Mti unasinyaa ukikauka, inabaki nafasi nyembamba kati yake na zege, mvua inaingia humo haitoki, mti unaoza ukiwa umevaa viatu vyake. Nguzo ikanyage kokoto, zege lipite pembeni tu, na juu litokeze kidogo kwenye ardhi likiwa na mteremko. Mwagilia maji siku kadhaa, geti usining'inize kabla ya wiki.

Kwa hali uliyo nayo dada usianze upya zote 60. Legeza waya kwanza, tengeneza kona na egemeo zake, ndo uende za katikati moja moja. Mirunda yako ni ya mita 2.1, ukiizamisha 70 inabaki 1.4 juu, usiogope kufupisha, mbuzi wa kienyeji kwa kawaida haruki urefu huo, anapenya. Mistari ya chini ibananishe, sentimita 15 kutoka waya hadi waya, ya juu ndo iachane. Na kabla hujarudisha nguzo bandua maganda yote, manake nakujua hamkubandua. Chini ya ganda ndo maji yanapokaa na mchwa wanapojifichia safari yao.

SWALI: Fundi, mimi niko Magu kwenye mbuga. Niliweka zege kila nguzo, tena zito, nikapanua juu kama uyoga ili izuie. Kiangazi ardhi ikapasuka mkono unaingia, masika nguzo zikanyanyuka na zege lake. Nimerogwa?

JIBU: Hujarogwa mzee wangu, ni udongo. Na huo uyoga wako ndo umekumaliza.

Sisi huku Usukumani tuna bahati wazee walishaupa udongo majina kabla ya fundi hajazaliwa. Luseni ni ule wa mchanga mchanga wa miinuko, ibambasi ule mgumu unaogonga jembe kama sakafu, na mbuga ndo huo wako mweusi. Mbuga ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka, kila mwaka, hauchoki. Ukivimba unasukuma kwenda juu kila kitu ulichokishika. Zege lako pana juu jembamba chini, udongo umepata kofia ya kusukumia, kila msimu unainyanyua kidogo, nyufa za kiangazi zinaangusha vumbi chini ya mguu, haiwezi tena kurudi ilipokuwa.

Fanya kinyume. Shimo lipanuke chini na juu libane, kama mtungi. Shuka mita moja, huko chini udongo haulowi na kukauka haraka kama wa juu. Na usirudishie ule ule mweusi, leta moramu na mawe ushindilie. Ile sentimita 30 ya juu kabisa usibanane nayo sana na zege, jaza moramu. Hata hivyo kwenye mbuga nguzo zitacheza cheza kidogo, kwahiyo usivute waya ukawa kama gitaa, acha na uhai, na uweke utaratibu wa kupita mwezi wa tano kukaza upya.

Kwa wale wa luseni tatizo lenu ni tofauti, mchanga haushikani hata ushindilie vipi. Gongomea kipande cha mti cha kulala kwenye mguu wa nguzo, futi moja kila upande, ukifukia mchanga unakalia kile kipande nguzo haitoki. Kipande kiwe mti mgumu au uliotiwa dawa, la sivyo mchwa watakula mguu wataacha nguzo.

SWALI: Kiwanja changu kiko mlimani hapa mjini, nusu ni jiwe. Mtalimbo unaruka tu cheche. Kuna mtu ananiambia tuwashe moto juu ya jiwe lipasuke.

JIBU: Karibu jiji la miamba kaka. Moto unapasua kweli, granite ikipata joto inatoa magamba, ndo wanavyofanya wanaoponda kokoto, lakini kwako hapo mlimani una nyumba ya mwenzio juu na ya mwenzio chini, jiwe likilegea kwa chini wewe ndo utakayetafutwa. Achana nalo.

Jiwe kama ni zima halina ufa, huhitaji kuzika nguzo. Toboa kwa drili ya mawe sentimita 15 kwenda chini, safisha vumbi lote (puliza kwa mpira, vumbi likibaki simenti haishiki), simika nondo ya milimita 16 kwa simenti nzito, na juu yake unachomelea chuma cha L au bati nene, nguzo ya mti unaifunga hapo kwa bolti. Mguu wa mti uache nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye jiwe. Utashangaa nguzo zako zitaishi kuliko za dada wa Igombe, manake mti haugusi udongo kabisa.

Kama jiwe lina nyufa nyufa au ni vipande vimelaliana, tengeneza kijumba cha wavu wa chuma kuzunguka nguzo ukijaze mawe, uzito wake unatosha. Ila kusema kweli mimi ningekuwa na mawe yote hayo nisingenunua mti hata mmoja, ningejenga ukuta wa mawe.

SWALI: Shikamoo fundi. Naomba kujua oili chafu na kuchoma mguu wa nguzo kwa moto ipi bora dhidi ya mchwa? Na je ni kweli nguzo ukiisimika kichwa chini, yaani ule upande wa shina ukawa juu, haiozi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kichwa chini nalisikia tangu utoto, lina raha kulisimulia, halina kazi. Upande mnene uweke chini basi.

Kuoza kwanza. Nguzo haiozi huko chini kabisa, haiozi juu, inaoza pale inapotoka ardhini, kiasi cha kiganja juu na futi moja chini. Kuvu anataka unyevu na hewa vyote kwa pamoja, na hapo ndo pana vyote. Chini sana hewa kidogo, juu panakauka. Kwahiyo dawa yoyote unayopaka, shingo hiyo ndo uitendee haki, usipake mguu peke yake ukaacha inayopumua.

Kuchoma kunasaidia kidogo sana. Kale kamkaa juu mchwa hawali, lakini mti ukikauka unapasuka, ufa unapita ule mkaa unaenda ndani kwenye nyama, wanaingilia hapo. Oili chafu kila mtu anaitumia sitajifanya sijawahi. Shida yake ni kwamba inakaa juu juu, na mti mbichi hauipokei kabisa manake umejaa maji tayari, utapaka leo mvua ya kesho inaiosha. Na wewe unayekaa karibu na ziwa au kisima ukimwaga oili shimoni jua inaelekea wapi. Kama ni lazima, mti uwe umekauka kivulini miezi miwili mitatu, umebanduliwa, usimamishe miguu kwenye pipa ilowe siku kadhaa, usiipake kwa brashi, na iache ikauke kabla ya kuizika.

Kilicho bora ni aina ya mti na dawa ya kiwandani. Ukichagua mti angalia moyo wake. Ule weupe wa nje ni chakula, ule wa ndani wenye rangi ndo unaojitetea. Mjohoro moyo wake mchwa wanauheshimu, ila mjohoro mwembamba ni weupe mtupu hivyo tafuta mnene. Mkaratusi na msonobari bila dawa kwenye mchwa wa huku ni miaka miwili mitatu unaanza kubadilisha, sijali umetoka shamba la miti la Rubya, la Buhindi au la mjomba.

Zenye dawa ni zile za kijani kijani, zinasukumiwa dawa kwa presha, nyingi zinatoka kule Mafinga zinakotoka na nguzo za umeme. Bei inauma mara moja. Angalia isiwe imepakwa rangi tu, omba wakukatie kimoja uone, dawa inatakiwa iingie ndani sio ukoko. Na ukishanunua usikate ule upande unaoingia ardhini, dawa haifiki katikati, ukikata umefungua mlango. Ikibidi kufupisha kata juu, upake dawa palipokatwa, paelekezee mteremko maji yasikae. Vipande vilivyobaki ni mwiko jikoni, hiyo dawa ina aseniki ndani, usichomee nyama wala usipikie maharage.

SWALI: Niko Ukerewe, eneo langu linashuka mpaka ziwani. Nikichimba futi mbili tu maji yanaingia shimoni. Nifikishe fensi mpaka majini?

JIBU: Ndugu yangu kabla ya nguzo kuna sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira, kwahiyo nenda halmashauri uulize kwanza kabla hujamlipa mtu wa kuchimba. Na hata sheria isingekuwepo, 2020 tuliona wenyewe ziwa linavyopanda, watu walipoteza migomba, vyoo na mialo, fensi yako ingekuwa ya kufugia sato.

Rudi juu mpaka pale ambapo ukichimba mita moja hupati maji. Kipimo rahisi, chimba shimo moja, liache usiku, asubuhi ukikuta kavu mwaga ndoo ya lita 20, ukirudi mchana maji bado yamesimama hapo hapafai bila kokoto nyingi chini. Mti unaokaa majini muda wote hauozi haraka, waulize wenye mitumbwi ya zamani, unaooza ni ule unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, na ukingo wa ziwa ndo kazi yake hiyo.

SWALI: Geti langu la mbao limeinamia ndani, linaburuza chini. Nguzo niliweka zege.

JIBU: Uzito wa geti unavuta nguzo kuja katikati ya njia, na katikati hamna kitu cha kuipinga. Chimba mfereji wa futi moja kwenda chini kati ya nguzo mbili za geti, mwaga zege na nondo mbili ndani yake, au panga mawe makubwa yaliyobanana, nguzo zisukumane zenyewe kwa zenyewe chini kwa chini. Gari litapita juu halitajua. Na kwenye geti lenyewe ule mti wa mshazari uanzie chini kwenye bawaba upande juu kuelekea kwenye komeo, nakuta watu wengi wamegeuza, hapo ni kazi bure.

SWALI: Fundi, sina hela ya nguzo kabisa. Bibi yangu anasema nipande minyaa.

JIBU: Msikilize bibi. Kata matawi yenye unene wa fimbo, mita moja moja, yaache kivulini siku kadhaa utomvu ukauke, chomeka kabla mvua hazijakolea, futi moja kwenda chini, ukaribu wa kiganja kimoja, ukanyage udongo vizuri. Mbuzi hali minyaa wala mchwa hana habari nayo, na baada ya misimu miwili mitatu shina likinenepa unaweza kupitishia waya, ila usikaze sana mti unakua unaumeza. Ukikata vaa kitu machoni na watoto wakae mbali, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, ukikurukia osha kwa maji mengi sana hapo hapo alafu nenda zahanati.